Bibi Kituo na Redio ya Kusikiliza Tu

Ukimpigia bibi yangu simu, kwanza utasikia kimya kifupi. Usikate. Ni kidole gumba chake kinatafuta kitufe ambacho simu haina. Akishajiridhisha kwamba hakipo ndipo anapoongea, na akimaliza anasema "ova", kisha anangoja. Usipojibu upesi anakuuliza kama umempata. Mwalimu wangu wa darasa alipigiwa naye mara moja tu, kuhusu sweta langu lililopotea, na kesho yake akaniuliza kama bibi yangu ni askari.

Si askari. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika chumba cha mbao kwenye yadi ya magari ya kuvuta, yale yenye winchi mgongoni, yanayokwenda kunasua malori mtaroni na kuburuta magari mabovu. Mle ndani mlikuwa na meza, dirisha linaloangalia geti, na kipaza sauti. Gari likikwama popote mjini watu walipiga simu yadi, na Bibi ndiye aliyeamua nani aende: Moja, Mbili, hadi Sita, maana madereva waliitwa kwa namba za magari yao. Yeye mwenyewe hajui hata kuwasha gari. Barabara zote alizijua kwa kuwasikia madereva wakizitukana. Kila alipofungua mdomo alianza na "Kituo hapa", basi jina likamganda. Mpaka leo mtaani ni Bibi Kituo, na watoto wadogo wanaamini ndivyo alivyoandikishwa alipozaliwa.

Alipostaafu, tajiri wa yadi alimpa redio iliyong'olewa kwenye gari lililokwisha. Baba akaifunga juu ya kabati la jikoni, akaiunganisha na betri, akapandisha antena juu ya paa. Na kile kiti alichokiacha Bibi kikakaliwa na Mama. Ndiyo, mama yangu, mkamwana wake, ambaye Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Hapo mambo yakanoga.

Mwanzoni Bibi alisikiliza kwa adabu. Halafu asubuhi moja Mama alimtuma Tatu kwenda kuvuta basi la shule, na kutoka jikoni kwetu sauti ikapanda hewani, mbele ya madereva wote, ikasema kwamba winchi ya Tatu inateleza na mtu mwenye akili angemtuma Sita. Madereva walicheka mpaka wakasahau kazi. Mama alirudi jioni ametulia kuliko kawaida. Alikula, akanawa, akakunja kitambaa cha meza mara nne, kisha akamwambia Baba kwa sauti laini kabisa kwamba Kituo ni mmoja, na kama ni wawili, yeye anarudi kwenye cherehani yake. Baba, ambaye mmoja ni mama yake na mwingine ni mkewe, alifanya anachofanya siku zote katika hali kama hiyo: alitoka nje kukagua matairi.

Kesho yake fundi wa redio akaja, akafungua kipaza, akakata uzi mmoja. Mama akaweka sharti mezani, tukasikia wote. Kusikiliza, ruhusa. Kusema, hapana. Siku sauti ya Bibi ikisikika tena hewani, redio inatoka humu ndani.

Bibi alikubali haraka mno, na mimi nikashangaa. Baadaye nikaelewa. Mtu aliyesema huku amebonyeza kitufe maisha yake yote hawezi kusema bila kukibonyeza, na kitufe kilichokufa kilikuwa kitamu kuliko kizima. Sasa angeweza kusema lolote. Mama akiita huko yadini, Bibi anashika kipaza huku jikoni, anabonyeza, anamjibu. Anamwigiza Mama anavyovuta mwisho wa maneno. Anamwambia Moja akanyoe ndevu, anamuuliza Tano kama amezaliwa na mdomo mmoja au miwili. Halafu "ova", na kipaza kinarudi kwenye msumari wake. Mimi nilikuwa ndiye hadhira, na sijawahi kuona kipindi kizuri zaidi ya kile.

Ndipo yadi ikahama masafa. Zamani walikuwa wakigombania hewa na kampuni ya ulinzi, sasa wakapewa nafasi yao wenyewe mahali pengine. Redio ya Bibi ikabaki kwenye masafa ya zamani, kama mtu aliyebaki kituoni basi limeshaondoka. Ilitoa mvumo tu, shshsh, kutwa nzima. Fundi aliipekua akasema hii ni ya kizamani, masafa yake yamewekwa ndani na hayabadiliki. Anayetaka kusikiliza yadi lazima atafute nyingine.

Tukadhani tutapumzika. Kumbe masikio ya Bibi, yaliyokuwa yakisikiliza mji mzima, sasa yalitugeukia sisi. Alisikia nikifungua simu chini ya blanketi na akataja nilichokuwa nikitazama. Alijua Baba amekaa bafuni muda gani na kwa nini. Alipanga upya masufuria ya Mama, yenye mlio mzito chini, yenye mlio mwembamba juu, na Mama akawa hapati hata kifuniko. Jioni Mama akiingia tu, hata viatu hajavua, Bibi anaanza: Moja alikwenda wapi, Mbili alirudi lini, Sita bado anakohoa? Alikuwa akiifanya siku ya kazi ya Mama irudiwe yote, kuanzia geti kufunguliwa. Lakini usiku mmoja nilimkuta kakaa mbele ya ile redio iliyokufa, kipaza kipo mapajani, hasemi kitu. Bibi kukaa kimya si jambo dogo.

Aliyenyoosha mikono wa kwanza ni Mama. "Mtafutieni redio huyu mama," alisema. Kisha akamgeukia Bibi. "Sharti ni lilelile. Siku ukisema hewani, inatoka, na haitafutwi nyingine."

Bibi akasema masikio yanamtosha.

Jumamosi iliyofuata sikuwa na shule, nikampeleka kwa fundi. Duka lake ni jembamba kama korido, linanuka risasi ya kuchomelea, na fundi mwenyewe huvaa miwani kwenye paji la uso halafu anaitafuta. Alitutolea ndogo ya mkononi. Bibi akaisikiliza kidogo, akasema hii ni ya kuambizana shuleni, ikiingia ndani ya kuta nne haisikii kitu. Fundi akaleta moja mpya yenye kioo cha rangi. Bibi akauliza kama rangi zinasikika. Akaleta nyingine. Bibi akamwomba azungushe kile kinobu kinachozuia mvumo mpaka kikae kimya, halafu mtu aseme hewani. Akatikisa kichwa. Alisema hii inachelewa kuamka, inakula neno la kwanza, na neno la kwanza ndilo lenye namba ya gari. Ukikosa namba, habari yote imekuwa umbea tu.

Mwishoni fundi akafungua boksi lililokuwa chini ya meza. Ndani mlikuwa na redio mbili pacha, za kufungwa garini, zilizotoka kwenye kampuni ya teksi iliyofunga biashara. Ya kwanza yadi ilikuwa imeiagiza kwa ajili ya Tano, gari la yule dereva mwenye mdomo, maana redio yake ilikuwa imeharibika. Ya pili haikuwa na mwenyewe. Bibi aliisikiliza, akasema basi, hii.

Nilivutwa na vile fundi alivyozipanga. Alichomeka waya kutoka kwenye kompyuta yake, ukatokea ukurasa wenye vijumba vingi, na mimi nikaanza maswali. Hiki cha nini? Masafa ya kupokea. Na hiki? Masafa ya kutuma. Na hii namba? Ni toni, alama ya siri inayofungua sauti za yadi peke yake, ili usisikie ya majirani. Alipopanga ya Tano alijaza vijumba vyote. Alipofika kwenye ya Bibi alijaza kupokea, akaacha kutuma patupu.

"Kwa hiyo akibonyeza?" nikauliza.

"Itamlilia tii. Ina masikio, haina mdomo."

Kisha akabandika karatasi ya gundi juu ya kila moja, akaandika "5" kwenye hii na "Bibi" kwenye ile, akatoka kwenda kuazima skrubu kwa jirani.

Mara tu alipotoka, Bibi aliziwasha zote mbili, akafungua sauti, zikavuma pamoja. Akainamisha sikio la kulia kwa moja, la kushoto kwa nyingine. Akazima moja, akawasha, akazima ya pili. Uso ulikuwa wa mtu anayegonga matikiti maji sokoni.

"Hii ina kifua," akasema, mkono juu ya ile ya Tano. "Na hii yangu ina mafua."

Nami nilisikiliza. Ni kweli, ile yake ilikuwa kama inaongelea puani. Bibi akatazama mlangoni. Kucha ikaingia chini ya karatasi moja, halafu nyingine, na kabla sijasema kitu "5" imeshakuwa "Bibi" na "Bibi" imeshakuwa "5".

"Bibi, fundi atajua."

"Zimetoka boksi moja, mke mwenzangu. Pacha hawa hata mama yao anawachanganya."

Huniita mke mwenza akitaka nishirikiane naye kwenye uovu. Na mimi niliyeuliza maswali yote yale, niliyetazama vijumba vikijazwa kimoja kimoja, niliona zilezile sura mbili tu kama alivyoziona yeye. Bibi alichagua kwa sikio, na kilichokuwa tofauti ndani hakikuwa na mlio. Fundi akarudi na skrubu zake, akatufungia ya kwetu vizuri, akachukua baiskeli kupeleka nyingine yadini kabla hawajafunga.

Jumapili yadi haipumziki. Mama aliondoka mapema, Baba akaenda nje kwenye gari lake, mimi nikabaki jikoni nikimenya viazi. Bibi alikuwa ameoga na kupaka mafuta kama anayengoja wageni. Redio mpya ilikuwa juu ya kabati, inameta.

Mama akaanza kuita mahudhurio. Sauti ilikuja nene, safi, yenye kifua kweli, na Bibi akanitazama kama aliyeitengeneza yeye. Moja akaitika. Mbili, Tatu, Nne, wakaitika. Tano, kimya. Mama akaita tena. Kimya. Huyu Tano madereva wanamwita Kasuku, na kwa kawaida akiitwa hujibu, husalimia wenzake wote, huulizia watoto wao na hueleza alivyolala. Kimya chake kilikuwa kitu kipya duniani.

Bibi akakiangua kipaza kutoka msumarini. Akabonyeza. "Kasuku leo kameza mdomo. Mwacheni, Kituo, masikio yetu nayo yana haki. Ova."

Hewani mtu alicheka, kicheko kilichokatwa katikati kama kimewekewa mkono. Bibi akasema unaona, hata wenyewe wamefurahi. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya ajabu kidogo, kwamba Kituo anawaomba wote watulie hewani. Bibi akabonyeza tena na kuyarudia maneno yaleyale kwa sauti ya Mama, akivuta mwisho wa kila neno mpaka likanyauka. Wakati huo niliona kataa kadogo kekundu kakiwaka kwenye uso wa redio, kakazima alipoachia. Nilidhani ni urembo. Nilikumbuka tii, nikajiuliza mbona haikulia, lakini kiazi kilikuwa kinaniteleza mkononi na lile swali likateleza nacho.

Halafu kazi ikaja. Lori la saruji lilikuwa limeteleza kwenye mteremko wenye kona, limekaa mshazari, magari yamefungana juu na chini. Nne alikuwa palepale chini, karibu kabisa. Bibi alikuwa anaosha vikombe. Alianza kunong'ona bila kipaza, "Nne, Nne, mpeleke Nne, anangoja nini huyu." Mama hakumpeleka. Alimwambia Nne azuie magari ya chini na asilisogelee lori. Akawatuma Mbili na Sita wazunguke barabara ya nyuma, ndefu, washuke kutoka juu na kulishika kwa kamba kwanza. Bibi alifyonya. Alisema watafika saruji imeshakuwa nyumba.

Tulingoja. Bibi alisuuza kikombe kimoja mpaka nikakihurumia. Hatimaye Sita akaja hewani, anahema. Alisema wamelishika. Alisema breki zake zilikufa zamani, lilikuwa limezuiwa na jiwe moja tu, na mtu angeanza kulivuta kwa chini lingemlalia. Nne naye akasema ahsante, Kituo.

Bibi alifunga bomba. Alipangusa mikono, kidole kimoja kimoja. Akaenda kwenye msumari, akashika kipaza, akabonyeza, na kataa kekundu kakawaka. Safari hii nilikaelewa. Vijumba vyote vikanirudia kichwani, kile cha kutuma, kimejazwa. Nilifungua mdomo, lakini Bibi hazuiliki akishaanza.

"Hapo sawa, mwanangu. Mimi ningempeleka Nne, na saa hizi tungekuwa tunalia. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kufikiria kuvuta gari kwa juu. Kile kiti kimepata mwenyewe." Akakisogeza kipaza karibu zaidi na mdomo. "Ila usimwambie mtu. Ova."

Akaachia kitufe.

"Jikoni, hapa Kituo," sauti ya Mama ikasema taratibu. "Nimekupata. Ova."

Sijawahi kuona uso wa Bibi ukikosa la kufanya. Alitazama kipaza, akanitazama mimi, akatazama kile kiazi. Hewani Moja akaanza kucheka, akafuata Mbili, wakawa wanapokezana. Na kabla hawajamaliza, honi ikalia nje ya geti. Lilikuwa gari la Tano. Kasuku akashuka na kipaza chake mkononi, waya unaburuta chini, akaja mpaka mlango wa jikoni. Kumbe alipoona redio yake inalia tii tu alimpigia Mama simu, Mama akamtuma kwa fundi, fundi akaifungua kwenye kompyuta na kukuta ni ile isiyo na mdomo.

"Bibi," Kasuku akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kidogo. "Nirudishie mdomo wangu."

Bibi alimpa chai. Kisha akapanda juu ya stuli, akachomoa nyaya mwenyewe, akaifunga redio ndani ya taulo na kuiweka mezani, mbele ya kiti cha Mama. Hakungoja kuambiwa. Mchana wote hakugusa sufuria hata moja, na hakuniuliza ninatazama nini kwenye simu, jambo lililonitisha zaidi.

Jioni fundi alikuja na kompyuta yake, amejikunyata kama mshitakiwa. Baba alikuwa nje, matairi yalihitaji kukaguliwa sana siku ile. Mama akaingia, akavua viatu, akakaa, akaitazama ile taulo.

"Nilidhani nasema peke yangu," Bibi akasema.

Mama akauliza ni lipi hasa alilosema peke yake: la Kasuku, la kumwigiza yeye, au la mwisho.

"Yale mawili ya kwanza hata usoni ningekwambia."

"Na la mwisho?"

Bibi akashughulika na pindo la taulo.

"Niambie la mwisho hapa, usoni," Mama akasema, "redio inabaki."

"Umeshalisikia."

"Kulikuwa na mvumo."

"Ile redio haina mvumo," Bibi akasema, akipanda kidogo, "niliichagua mwenyewe," na fundi akainua kichwa, maana hiyo ilikuwa habari mpya kwake.

Mama hakusaidia. Alikaa tu, mikono imekunjwa, kama mtu mwenye usiku mzima. Bibi alitazama mlango, akatazama kabati, mahali patupu ilipokuwa redio. Nilimwona anavuta pumzi, anaitoa, anavuta tena. Mkono wake ukatambaa mezani ukakutana na mwiko. Akaunyanyua. Kidole gumba kikakandamiza mpini.

"Kile kiti," akaanza. "Kile kiti kimepata mwenyewe." Tukangoja. Mama hakupepesa. "Ova," Bibi akamalizia, akauachia mwiko.

"Nimekupata," Mama akasema, na akainuka haraka kwenda kutafuta kifuniko cha sufuria, ingawa hakukuwa na kitu jikoni cha kufunikwa.

Fundi akauliza kama sasa arudishe kila redio kwa mwenyewe. Mama akajibu kutoka kabatini kwamba hapana, abadilishe yaliyomo tu, hii ya hapa aifute mdomo na ile ya Tano aijazie. Kifua kibaki kwa Bibi.

Basi mafua yakabaki kwa Kasuku. Sasa sauti ya kila anayeongea naye inamfikia kama inatokea puani, na hakuna anayeweza kumshawishi kwamba ni redio yake. Jana tu Mama alipomaliza mahudhurio, Kasuku alisalimia wote, akaulizia watoto wao, akaeleza alivyolala, kisha akamwambia Kituo kwamba hayo mafua aliyo nayo yamezidi, atafute tangawizi.

Bibi alikiangua kipaza, akabonyeza. "Mwambie mafua ni yake, na mimi ndiye niliyemwambukiza. Ova."

Redio ikalia tii. Kale kataa kekundu hakakuwaka. Niliangalia.